Kitenzi cha Kiingereza “initiate” na tafsiri zake: ushahidi wa Masasi na Newala

Kitenzi “initiate” ni miongoni mwa vitenzi rasmi vya Kiingereza ambavyo mfasiri wa Kiswahili hudhani amevimudu mpaka siku atakapokutana navyo mahali asipovitarajia. Katika barua za ofisi, hukumu za mahakama na ripoti za miradi, kitenzi hiki hufasiriwa “anzisha”, na mara nyingi tafsiri hiyo hutosha. Lakini ichukuliwe sentensi fupi ya aina inayopatikana katika maandishi mengi yanayohusu mikoa ya kusini mwa Tanzania: “Many girls in Newala are initiated before they finish primary school.” Mfasiri akiandika kwamba wasichana wengi wa Newala “huanzishwa” kabla ya kumaliza shule ya msingi, msomaji atabaki akisubiri neno lililokosekana: huanzishwa nini? Akiandika “hutahiriwa”, atakuwa amewatuhumu wazazi wa wilaya nzima kwa jambo wasilolitenda, na ambalo kwa sheria za nchi ni kosa la jinai. Akiandika “huchezwa unyago”, mama yeyote wa Newala atamwelewa bila kuuliza swali.

Tofauti ya tafsiri hizo tatu haitokani na uchaguzi wa mtindo. Inatokana na historia ya kitenzi chenyewe, na pia na jinsi Kiswahili kilivyogawa kazi ambayo Kiingereza kimeiachia neno moja.

Asili ya “initiate” ni Kilatini. Kitenzi initiare kilijengwa juu ya nomino initium, yaani “mwanzo”, nayo ilitokana na inire, neno lenye sehemu mbili: in, “ndani”, na ire, “kwenda”. Mwanzo, kwa Warumi, ulikuwa ni kuingia. Waliposema kwamba mtu amefanyiwa initiare, walikuwa na maana kwamba ameingizwa katika ibada za siri ambazo asiyeingizwa hakuruhusiwa kuziona. Kiingereza kilirithi maana zote mbili, ile ya kuanzisha jambo na ile ya kumwingiza mtu. Ni vema mwanafunzi akumbuke kwamba maana ya pili si tawi lililochipuka baadaye kwenye ile ya kwanza. Zimezaliwa pamoja, na katika Kilatini ile ya ibada ndiyo iliyokuwa na uzito zaidi.

Njia rahisi ya kuzitenganisha katika matini ya Kiingereza ni kutazama yambwa. Yambwa ikiwa ni jambo (mazungumzo, uchunguzi, tiba, shauri), maana ni kuanzisha. Yambwa ikiwa ni mtu, na hasa ikifuatwa na kihusishi “into”, maana ni kuingiza. Kihusishi hicho hudondoshwa mara nyingi, kama katika sentensi ya Newala hapo juu, na hapo ndipo makosa yanapozaliwa. Matamshi nayo yana la kusema: kitenzi humalizikia kwa silabi inayosikika kama “eit”, ilhali nomino inayoandikwa kwa herufi zilezile, yenye maana ya mtu aliyeingizwa, humalizikia kwa irabu hafifu. Mkalimani anayesikiliza bila kuwa na maandishi mbele yake huhitaji kulitega sikio hapo.

Katika maana ya kwanza, “anzisha” ndiyo tafsiri ya kawaida, lakini mipaka ya maneno haya mawili hailingani. “Anzisha” ni kauli ya kutendesha ya “anza” na eneo lake ni pana kuliko la “initiate”. Shule huanzishwa, chama huanzishwa, gazeti huanzishwa, ugomvi nao huanzishwa. Kiingereza hakisemi kwamba shule ilifanyiwa “initiate” mwaka fulani. Kwa taasisi hutumia “found” au “establish”. Wanafunzi wa Afrika Mashariki huliangukia kosa hili kila mara wanapotafsiri kutoka Kiswahili, kwa sababu kamusi nyingi za lugha mbili huyaweka maneno haya sambamba bila maelezo. “Initiate” hudokeza hatua ya kwanza ambayo wengine wataiendeleza: mtu huyaanzisha mazungumzo, kisha wenzake huyashika. Zaidi ya hayo, kitenzi hiki hakiwezi kukaa bila yambwa. Mvua haziwezi kufanya “initiate”, wala semina haiwezi kufanya hivyo siku ya Jumatatu. Huko ni kuanza tu.

Katika fani mahususi, Kiswahili kina vitenzi vyake ambavyo mfasiri mzuri huvitanguliza. Mahakamani shauri hufunguliwa, na anayeandika kwamba mlalamikaji “ameanzisha shauri” ataeleweka, ingawa wakili atatambua mara moja kwamba hakuzoea lugha ya mahakama. Bungeni muswada huwasilishwa. Hospitalini kuna umbo zuri sana ambalo halijatiliwa maanani na wanasarufi wengi: mgonjwa “huanzishiwa dawa”. Wahudumu wa afya wa Tanzania hulitumia kila siku, hasa kwa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Kitenzi kimepitia kauli ya kutendesha, kisha ya kutendea, kisha ya kutendewa, na mwisho wa safari hiyo mgonjwa, ambaye katika Kiingereza hutajwa pembeni, amekuwa kiima cha sentensi. Mfasiri anayeandika “matibabu ya mgonjwa yalianzishwa” hajakosea kisarufi, lakini hivyo sivyo watu wanavyosema.

Katika maana ya pili, lugha ya Masasi na Newala ina mengi ya kufundisha.

Miji hii miwili hutajwa pamoja mara kwa mara, ingawa jiografia yake ni tofauti. Newala ipo juu, kwenye ukingo wa magharibi wa Uwanda wa Makonde, mahali ambapo ardhi hukatika ghafla na macho hushuka kuelekea bonde la Ruvuma. Masasi ipo chini, upande wa magharibi, katikati ya milima ya mawe inayochomoza peke yake kutoka nchi tambarare. Wamakonde ndio wengi juu ya uwanda. Chini yake Wamakua na Wayao wamechanganyikana tangu karne ya 19. Kiswahili kinachozungumzwa huko kimebeba msamiati wa lugha hizo tatu, na katika uwanja wa kuwalea vijana msamiati huo ni tajiri kuliko ule wa Kiswahili cha mwambao wa kaskazini.

Mvulana huingia jandoni, hutiwa jandoni, au, kwa wanaopenda neno la zamani zaidi, hutiwa kumbini. Anayemtahiri ni ngariba. Msichana huchezwa, na aliyechezwa huwa amefundwa na kungwi au somo wake, chini ya usimamizi wa nyakanga. Baada ya siku za kukaa ndani, mwali hutolewa, na sherehe ya kumtoa ndiyo inayoonekana na watu wa nje. Wakati wake ni baada ya mavuno, na siku hizi hupangwa zaidi katika likizo za shule.

Kitenzi “chezwa” kinastahili kutazamwa kwa makini. Kwa kawaida “cheza” huchukua yambwa isiyo mtu: mtu hucheza ngoma, hucheza mpira. Kauli ya kutendwa hufuata mkondo huohuo, kwamba mpira umechezwa au ngoma imechezwa. Lakini katika unyago yambwa ni mtu mwenyewe. Bibi huulizwa, “Mjukuu wako mmemcheza?” naye hujibu, “Tulimcheza mwaka juzi.” Msichana si mchezaji katika sentensi hiyo. Ngoma inachezwa na wengine, na yeye ndiye inayemfikia. Kiswahili hapa kimefanya kilekile ambacho Kilatini na Kiingereza vilifanya: kimempa kitenzi cha tendo la jamii yambwa ambaye ni mtu mmoja anayegeuzwa na tendo hilo. Kwa hiyo tafsiri iliyo karibu zaidi na “she was initiated”, kwa muundo na kwa maana, ni “alichezwa”, na inasikitisha kwamba mwanafunzi ataitafuta bure katika kamusi nyingi chini ya kidahizo hicho. Ukanushi wake nao una ukali wake. Mwanamke asiyejua kuzungumza na wakwe huambiwa “hakufundwa” au “hakuchezwa”, na maneno hayo si mepesi.

Msafiri Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alifika Masasi na Newala mwaka 1906, akazihudhuria baadhi ya sherehe hizi na kuziandika. Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kiingereza na Alice Werner mwaka 1909. Anayekisoma leo kwa nia ya kukinukuu katika Kiswahili anapaswa kuwa mwangalifu na neno moja: unyago. Katika Kiswahili sanifu unyago ni wa wasichana na jando ni la wavulana. Kwa Wayao, ambao Weule aliishi miongoni mwao kwa wiki nyingi, unyago ni jina la jumla linalozikusanya sherehe za jinsia zote mbili, na ndivyo linavyotumika katika kitabu hicho. Mfasiri anayelihamisha neno kama lilivyo atawapeleka wavulana unyagoni, na msomaji wa Dar es Salaam atashangaa. Lyndon Harries, aliyekuwa mmisionari katika eneo hilo kabla ya kujulikana kwa kazi zake juu ya ushairi wa Kiswahili, alichapisha mwaka 1944 uchunguzi wa desturi hizi kwa Wamakonde, na katika jina la kazi yake alitumia nomino ya Kiingereza iliyotokana na kitenzi hiki. Tangu hapo, na hata kabla yake, nomino hiyo imekuwa kama lebo ya kitaalamu inayobandikwa juu ya jando, unyago na sherehe nyingine nyingi za bara zima bila kuzitenganisha.

Kanisa la Masasi linatoa mfano wa jinsi lebo hiyo ilivyo na nguvu. Misheni ya Kianglikana ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati iliweka makazi Masasi mwaka 1876, kwa msafara wa watu waliokombolewa utumwani ulioongozwa na Edward Steere, yuleyule ambaye kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili kilitoka mwaka 1870. Kwa hiyo Kiswahili cha vitabu na jando la bara vilikutana hapo mapema sana. Kuanzia mwaka 1913 Vincent Lucas, ambaye mwaka 1926 alikuwa askofu wa dayosisi mpya ya Masasi, alisimamia jando la Kikristo. Makazi ya porini, tohara na mafunzo vilibaki, na sala za Kanisa zikachukua nafasi ya matambiko ya kuwaomba mizimu. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960, aliichambua historia hiyo katika makala iliyotoka mwaka 1972, na tangu wakati huo mfano wa Masasi umekuwa ukitajwa kila panapojadiliwa uhusiano wa Ukristo na mila.

Kwa mtu wa lugha, jambo la kuvutia ni hili: katika Kiingereza, ubatizo na jando vyote viwili huweza kuelezwa kwa kitenzi “initiate”. Teolojia ya Magharibi huuita ubatizo, kipaimara na ekaristi kwa jina linalotokana na kitenzi hicho. Mmisionari aliyefikiri kwa Kiingereza alizikuta ibada mbili zikiwa tayari chini ya paa moja la neno. Kwa Kiswahili paa hilo halipo. Kijana hubatizwa, na kijana hutiwa jandoni, na hakuna kitenzi cha kila siku kinachoyafunika matendo yote mawili. Wakatoliki wanaotumia Kiswahili wamelitatua kwa kusema “sakramenti za kuingizwa katika Ukristo”, na bila kukusudia wamerudi moja kwa moja kwenye inire ya Kilatini. Je, hoja ya jando la Kikristo ingekuwa nyepesi kiasi kile kuieleza kama ingeandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo? Ni vigumu kuamini kwamba lugha haikuchangia lolote.

Suala la tohara ndilo lenye madhara makubwa zaidi likikosewa. Kwa wavulana, “initiated” na “circumcised” si kitu kimoja, na Masasi tofauti hii inaonekana wazi. Mzazi anayempeleka mwanawe hospitalini na kumrudisha nyumbani siku hiyohiyo atasema kwamba mtoto ametahiriwa lakini hakuingia jandoni. Wazee watakubaliana naye, wengine kwa kunung’unika. Kinyume chake hakiwezekani kwa urahisi, kwani jando la huko hujumuisha tohara. Kwa hiyo ripoti inayohesabu wavulana waliotahiriwa haiwezi kufasiriwa kana kwamba inahesabu waliopitia jando.

Kwa wasichana hali ni nyingine kabisa. Unyago wa Wamakonde, Wayao na Wamakua hauna ukeketaji. Ni mafunzo, ngoma, kufichwa na kutolewa. Lakini katika sehemu nyingine za Afrika Mashariki kitenzi kilekile cha Kiingereza hutumika kama tafsida. Gazeti la Kiingereza likisema kwamba wasichana kadhaa wa Tarime wamefanyiwa “initiate” mwezi Desemba, linazungumzia ukeketaji. Likisema hivyohivyo kuhusu Newala, linazungumzia unyago. Neno ni moja, nchi ni moja, na hata mwezi unaweza kuwa mmoja. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliongeza katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kifungu cha 169A, kinachofanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa. Kenya ilipitisha sheria yake ya kupiga marufuku ukeketaji mwaka 2011. Mkalimani anayesimama mbele ya afisa wa ustawi wa jamii, au anayefasiri maelezo ya mwombaji hifadhi mbele ya hakimu wa Ulaya, hawezi kulibeba neno hili kwa mazoea. Akisikia mama wa Newala akisema “binti yangu alichezwa”, na akalitafsiri kwa kitenzi cha Kiingereza bila kuongeza kwamba ni unyago wa kusini na kwamba hauhusishi kukatwa, afisa atajaza pengo kwa alichokisoma kuhusu sehemu nyingine. Akitafsiri kutoka Kiingereza, ni wajibu wake kuuliza sherehe ni ya wapi kabla ya kuchagua kitenzi. Pale isipojulikana, “alipitia mila za kuvushwa utotoni” ni ndefu na haipendezi sana, lakini haimsingizii mtu.

Vipo pia viingilio visivyo vya kimila. Kumwingiza mtu katika chama cha siri ni “kumwingiza”, na kama kuna kiapo, “kumwapisha”. Maneno “jando” na “unyago” yasitumike hapo ila kwa mzaha. Pale Kiingereza kinaposema kwamba mwalimu “alimfanyia initiate” mwanafunzi katika takwimu au ushairi, Kiswahili husema alimfunza misingi yake, au alimfungulia mlango wa fani hiyo. Kuhusu “initiative”, mfasiri asilazimishe uhusiano na kitenzi: mara nyingi ni “mpango” au “juhudi”, na mtu aliyetenda “on his own initiative” ametenda kwa hiari yake mwenyewe, bila kuagizwa.

Limebaki jina la mtu. Nomino “initiate” imewahi kufasiriwa “mwanzilishi”, na matokeo yake ni kwamba kundi la wasichana wa miaka 12 linageuka kuwa kundi la waasisi. Mwanzilishi ni mwenye kuanzisha. Aliyeingizwa ni mwali, au mwari. Maumbo yote mawili yamo katika kamusi, na Masasi na Newala litasikika zaidi lile la “l”, kwa kuwa Chiyao na Chimakonde huelemea sauti hiyo, kama inavyosikika hata katika “ngaliba” ya wazee. Wingi ndio unaoleta tabu: “wali” hugongana na chakula, na “wari” humkumbusha msomaji wa pwani ndege mkubwa wa majini mwenye jina la mwari. Waandishi wengi hukwepa kwa kuandika “wanawali”, lakini neno hilo limeelemea upande wa bikira na halifai kwa wavulana. Katika matini inayohusu jinsia zote mbili, “wali wa jando na unyago” likitumika mara ya kwanza, kisha “wali” peke yake, halitamchanganya msomaji aliyekwisha kuelewa kwamba hapaliwi kitu.